Safari Iliyovunjika na Somo la Sakitu

Hakuna methali tunayoitumia ovyo katika shule zetu kama ile isemayo kwamba penye nia pana njia. Tunaichora ukutani, tunaitoa kuwa kichwa cha insha, na kila maabara inapokosa vifaa au maktaba inapokosa vitabu, tunaitamka kisha tunanawa mikono. Mimi mwenyewe, mpenzi msomaji, nimeitamka mbele ya wanafunzi mara zisizo na hesabu. Lakini tangu Februari 2019 ninaitamka kwa uangalifu mkubwa, maana mwezi huo nilikaribia kumdhuru mtoto wa wenyewe kwa kuiamini methali hiyo bila kuipima.

Mimi ni mwalimu. Ninaishi Sigalagala, kusini mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara iendayo Kisumu. Hapa kwetu mtu huzaliwa akiyajua mambo matatu: mlio wa ngoma ya isukuti, vumbi la uwanja wa fahali wanaopigana, na mvua ya alasiri. Theluji haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, mtaala unatutaka tuifundishe, nasi tunaifundisha. Tunachora mlima ubaoni, tunapaka kilele chake chaki nyeupe, tunasema "hii ni theluji", na watoto wanaandika daftarini.

Siku moja mvulana wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, wewe umewahi kuigusa theluji?" Nikamjibu kwamba sijawahi. Akatulia kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Basi, Mwalimu, sote humu tunaambiana tu."

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani neno lile lilikataa kunitoka. Nilikumbuka habari ya mmishonari Johannes Rebmann, ambaye mwezi wa Mei 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro umevaa nyeupe kileleni, na mwaka uliofuata mwenzake Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Habari zao zilipofika Ulaya, wapo wasomi waliozikataa katakata. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa Uingereza, ambaye hakuwa ameikanyaga nchi hii, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Tumezoea kuwacheka wasomi hao waliokana kitu wasichokiona. Je, sisi tunaokikubali kitu tusichokiona, kwa sababu tu kimechapishwa, tumewazidi nini?

Hivyo ndivyo safari ilivyozaliwa. Tulikusudia kwenda Mlima Kenya katika likizo fupi ya katikati ya muhula. Wanafunzi walikuwa 22 na walimu watatu. Tungeingia kwa lango la Sirimon, tulale Old Moses kwenye mwinuko wa mita 3,300, kisha siku ya pili tupande taratibu hadi mahali ambapo barafu ya vilele huonekana vizuri. Makoti mazito, glavu na mifuko ya kulalia tungevikodi Nanyuki. Wazazi walichanga kwa miezi mitano. Wapo waliouza kuku, na yupo mama mmoja aliyeniletea sehemu ya mchango wake kwa sarafu zilizofungwa katika kitambaa. Nazitaja sarafu hizo kwa sababu zilikuwa zikinilemea kifuani wakati wote wa mambo ninayotaka kuyasimulia.

Mipango si matumizi. Jioni ya kuamkia safari, mwenye basi tuliyemlipa sehemu ya nauli alipiga simu. Basi, alisema, lilikuwa limepata kazi nyingine. Tukabembeleza, tukafoka, tukabembeleza tena. Mwishowe alikubali kurejesha nusu ya fedha. Nusu hiyo, hata ukiijumlisha na akiba yetu, isingetosha kukodi gari lingine la kwenda Nanyuki, kulipa viingilio na kukodi mavazi.

Nilisimama ukumbini mbele ya nyuso 22 nikiwa na maneno ya kuahirisha mdomoni. Sikuyasema. Nilisema: "Hatuendi Mlima Kenya. Tunakwenda Elgon." Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Naam, penye nia pana njia.

Usiku ule ulikuwa mtamu. Mwalimu mkuu alitoa ruhusa, na tukawapigia wazazi simu mmoja baada ya mwingine hadi wote wakakubali. Fundi mmoja wa vibanda vya kuchomelea vyuma pale sokoni alitukatia vipande vya nondo viwe vigingi vya mahema, akakataa malipo. Mablanketi ya bwenini yalishonwa mawili mawili yakawa mifuko ya kulalia. Magunia ya mahindi yalifuliwa yawe matandiko. Soksi zikawa glavu, na karatasi za nailoni zikakatwa za kuvaliwa ndani ya viatu ili miguu isilowe. Turubai mbili za harusi tuliziazima kwa jirani. Niliwatazama wanafunzi wale wakihangaika kwa furaha nikajiambia kwamba hili ndilo somo lenyewe, na kwamba yule mwenye basi ametufanyia hisani bila kujua.

Hakika lilikuwa somo, ila sikujua bado ni lipi.

Asubuhi tulipanda matatu mbili, tukapita Kakamega na Webuye hadi Kitale, kisha Endebess na lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Tulilala karibu na lango. Kesho yake tulipata lori lililokuwa limeteremsha mahindi, na mwenyewe akakubali kutupeleka hadi mwisho wa njia ya gari. Niliona huo ni werevu mkubwa. Lori lilituokolea siku nzima ya kutembea, na siku moja ina gharama yake ya chakula na viingilio. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza, mtu mzima mwenye maneno machache, aliniuliza: "Mwalimu, hawa wote mnawapandisha kwa mara moja?" Nikamjibu kwamba muda wetu ni mfupi. Hakusema zaidi.

Lori likapanda. Tuliipita misitu ya miti mikubwa, tukaipita mianzi, hadi tukatokea kwenye nyasi za juu na mimea ya ajabu ambayo watoto walikuwa wameiona vitabuni tu. Ipo lobelia inayosimama kama nguzo, ambayo usiku huyafumba majani yake ili kukinga kichipukizi kilicho katikati kisigande. Ipo senesio kubwa, ambayo haiyaangushi majani yake yaliyokauka bali huyaacha yauzunguke mwili wake kama koti. Msichana mmoja aliishika senesio akasema, "Mwalimu, huu mti nao umevaa magunia." Tukacheka sana. Laiti ningalimsikiliza mti ule! Haukuwa umevaa magunia kwa kubahatisha. Ulikuwa umeijua baridi ya mahali pale kwa vizazi visivyohesabika, na kila kipande cha vazi lake kilikuwa na kazi.

Tulipiga kambi njia ilipokomea, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,500. Dereva alikubali kulala na lori lake pale pale. Usiku wanafunzi walipiga isukuti kwa madebe ya maji, wakaimba hadi meno yakaanza kugongana.

Alfajiri nilisikia ukelele nje. Nilitoka mbio nikidhani kuna mnyama. Haikuwa mnyama. Uwanda wote ulikuwa mweupe. Kila jani la nyasi lilikuwa limevaa chembe za barafu. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu, na yule mvulana wa swali alikuwa amekiinua kipande chake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. Ilinibidi niwaeleze ukweli: ile haikuwa theluji. Theluji huanguka kutoka mawinguni. Ile ilikuwa sakitu, mvuke wa hewa ulioganda juu ya nyasi baada ya ardhi kupoteza joto lake usiku usio na mawingu. Elgon, wenye kilele cha mita 4,321 upande wa Uganda, hauna barafu ya kudumu kama Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori. Nikawaonyesha hesabu yake: kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi. Kutoka Sigalagala, palipo na mwinuko wa mita 1,500 na ushei, hadi pale tuliposimama, tulikuwa tumeacha nyuma nyuzi 13 za joto. Hesabu ile hawakuiandika. Waliisikia vidoleni.

Kama tungeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwasimulia wajukuu. Lakini nilitaka kilele. Mbele yetu palikuwa na Koitobos, kilele cha upande wa Kenya kinachopita mita 4,200, nacho kilionekana kama kiko hatua chache tu. Tukaanza kupanda.

Mahali fulani karibu na mita 3,900 niligeuka kuwahesabu wanafunzi, nikamwona yule msichana wa senesio amekaa juu ya jiwe, kichwa mapajani. Alisema hana neno, amechoka tu. Mwenzake ndiye aliyetoa siri: kichwa kilikuwa kikimgonga tangu usiku, na alikuwa ametapika mara mbili. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa sauti ambayo bado naisikia: "Sikutaka safari ivunjike tena, Mwalimu."

Nakiri hapa, mbele ya walimu wenzangu, lililonipitia akilini. Halikuwa huruma. Nilikitazama kilele. Nilifikiri kwamba labda mwalimu mmoja angebaki naye pale jiweni nasi tungeendelea. Nilifikiri zile sarafu za kitambaani. Nilifikiri methali yangu. Askari alinisogelea akasema kwa upole: "Mwalimu, dawa ya ugonjwa huu ni kuteremka. Na bunduki ninayo moja, siwezi kulinda makundi mawili." Hayo tu.

Tukateremka sote. Wavulana wawili walinuna, na mmoja hakunisemesha hadi Kitale. Msichana alishikwa mikono kulia na kushoto hadi kwenye lori. Tuliposhuka chini ya mita 3,000 aliinua kichwa akaomba chai. Sijawahi kumpa mtu kikombe cha chai kwa mkono uliotetemeka namna ile.

Nimelitafakari tukio hilo kwa miaka, nami naamini nimelipata kosa. Kosa halikuwa magunia wala soksi. Vitu hivyo vilifanya kazi yake, na hakuna aliyeganda. Kosa lilikuwa lori. Katika mpango wetu wa kwanza kulikuwa na siku ya kulala Old Moses na siku nyingine ya kupanda polepole. Nilidhani siku hizo zilikuwa za kufika tu, kumbe zilikuwa za kuuzoesha mwili hewa nyepesi. Kwenye mita 4,000 kila pumzi ya mtu huleta kiasi cha asilimia 60 tu ya oksijeni anayoipata pwani, na mwili huhitaji muda kujirekebisha. Basi lilipotukimbia, nilitafuta kitu cha kushika nafasi ya basi, na kitu cha kushika nafasi ya makoti. Kwa kuwa siku za polepole hazikuwa na risiti, sikujua kwamba nazo zilikuwa na kazi. Nikazitupa, kisha nikajisifu kwamba nimeokoa fedha.

Wako watu waliofanya safari ya namna hii vizuri zaidi, na habari yao inafaa kusimuliwa katika kila shule ya Kenya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwafunga Waitaliano katika kambi ya wafungwa wa vita pale Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliutazama Mlima Kenya kila mawingu yalipofunguka, akaamua kuupanda. Hakuwa na ramani, kamba wala viatu vya mlimani. Yeye na wenzake walijiandaa kwa miezi minane. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu, mabati ya magari yakawa vyuma vyenye meno vya kufunga viatuni, mkonge wa vitanda vya kambi ukasokotwa kuwa kamba, na picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa chakula ikawa ramani. Mnamo Januari 24, 1943, Benuzzi, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakajisalimisha.

Watu wengi huipenda habari hiyo kwa sababu ya nyundo na mikebe. Mimi, baada ya Elgon, naipenda kwa sababu ya mambo mengine mawili. La kwanza ni ile miezi minane: walibuni kila kitu isipokuwa subira. La pili ni kwamba walilenga Batian, kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,199. Barsotti aliugua, wakamwacha kambini chini. Wawili waliobaki walijaribu Batian, wakashindwa na miamba na dhoruba, wakarudi nyuma. Siku chache baadaye, tarehe 6 Februari, walifika kilele cha Lenana chenye mita 4,985 na kusimika bendera yao hapo. Mtu anayeweza kugeuza mgongo karibu na alichokiota miezi minane ndiye anayestahili kuitwa mbunifu.

Sasa tuteremke mlimani tuingie darasani, maana huko ndiko tunakobuni kila siku. Mwalimu wa kemia asiye na bika hutumia chupa ya soda. Vema, ikiwa kazi ya bika ni kushika maji. Lakini ikiwa kazi yake ni kuhimili moto, chupa itapasuka machoni mwa mtoto. Mwalimu asiye na vifaa vya majaribio huchora jaribio ubaoni. Vema, ikiwa kusudi ni kukumbuka hatua. Lakini ikiwa kusudi lilikuwa mwanafunzi akosee, aone rangi isiyotarajiwa na ajiulize sababu, ubao haujashika nafasi ya kitu chochote. Mwaka 2020, korona ilipozifunga shule, tulirusha masomo kwa redio na simu, na wengi walifanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, shule haikuwa imebeba masomo tu. Kwa watoto wengi ilibeba pia mlo wa mchana, marafiki, na jicho la mtu mzima linalotambua kwamba mtoto huyu leo hayuko sawa. Mambo hayo hayakuwa katika ratiba, kwa hiyo tulichelewa kuyatafutia mbadala.

Mtaala wa umilisi unatudai tuwafunze vijana ubunifu. Naunga mkono. Lakini tusiwafunze nusu yake. Kabla ya kutafuta kitu cha kushika nafasi ya kilichokosekana, mwanafunzi azoee kuuliza: hiki kilichokosekana kilikuwa kikifanya kazi gani? Kilifanya nini kwa uwazi, na nini kwa siri? Akishajibu, ndipo atafute nondo, gunia na mkonge. Na akikosa kabisa kitu cha kufanya ile kazi ya siri, awe na ujasiri wa kusema, "Tutaishia kwenye sakitu, na inatosha."

Yapo pia maneno ya kuwaambia wanafunzi wenyewe. Yule msichana alinyamaza kwa upendo. Aliogopa kuwavunjia wenzake furaha. Wanangu, ukimya wa namna hiyo ni zawadi ambayo mwalimu haitaki. Sema kichwa kinauma. Sema hujaelewa. Safari inayovunjwa na ukweli wako ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla hujafumbua kinywa.

Sijaacha kuitamani theluji ya Mlima Kenya, na nina sababu ya kuharakisha. Mto wa barafu uitwao Lewis, mkubwa kuliko yote mlimani humo, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda ikatoweka kabla ya mwaka 2050. Huenda kizazi cha wanafunzi wangu kikawa cha mwisho chenye nafasi ya kumjibu mtoto kwamba naam, nimeigusa. Kwa hiyo tutakwenda. Tutachanga tena, tutakodi basi, na tutaandika mkataba wenye meno. Iwapo basi litatukimbia, tutatafuta lingine.

Ila siku za kupanda polepole hazitaguswa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Nimeitundika methali hiyo ukutani mwa darasa langu, chini ya ile nyingine, ili mwanafunzi asiisome moja bila kuiona ya pili.